Bwana Makochi

Mimi nilikuja huku kwa njaa, sioni haya kusema. Yeye alikuja kwa shibe, na hiyo ndiyo inayonichoma.

Kule kisiwani kwetu nilikuwa nampita kila siku. Fundi wa mafriji, karakana yake mwenyewe, anangoja kazi zimfuate alipokaa. Nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga kwenye kiwanja cha mama yake: mama upande mmoja, mkewe na watoto upande wa pili, upepo unaingia bila hodi. Mchana anafunga karakana, anakula, anapiga usingizi. Sasa mtu wa hivyo anatafuta nini tena duniani?

Basi, mtu mmoja wa rika lake akarudi likizo kutoka ng'ambo na miwani ya jua. Aliivaa mpaka ndani, akajikwaa kizingiti cha kwao mwenyewe. Sisi tulicheka. Fundi wetu yeye aliona maendeleo. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Akajibu kwamba mambo yakimshinda, nyumba ipo.

Tukakutana huku, chumba kimoja, magodoro matatu: mimi fundi rangi, dereva wa duka la samani, na yeye. Ufundi wake haukumfaa kitu, maana huku friji ikiharibika inatupwa. Dereva akamtafutia kazi dukani kwao, kubeba makochi na kuyapandisha ghorofani kwa wateja. Mkewe alipouliza anafanya kazi gani, akasema yuko kwenye biashara ya samani. Kweli alikuwepo, tena mgongoni kabisa.

Ndipo ukamwingia ugonjwa wa picha. Kila wakishusha kochi, mwenye nyumba akienda jikoni kidogo tu, jamaa anavua ovaroli, anakaa, anakunja nne, dereva anampiga picha. Wiki hii kochi jeusi la ngozi, wiki ijayo la kijivu lenye zulia, mara ngazi za ndani kwa ndani, mara bustani dirishani. Nikamwita Bwana Makochi.

"Kwenu watadhani unabadilisha nyumba kama soksi," nikamwambia.

"Wacha wafurahi, ndugu yangu. Unapungukiwa nini wewe?"

Akanogewa. Siku moja mkewe akamlalamikia kwenye simu kwamba bati la jikoni linavuja, sote tunasikia. Akamjibu, "Banda la kuku hilo, mama watoto, la nini? Mwambie mama aliuze, hata leo. Jiko langu tu huku linaimeza nyumba nzima hiyo." Mimi nikasonya. Jiko letu lilikuwa nyuma ya mlango. Ukipika, mlango haufunguki.

Haukupita muda mrefu, kiuno kikamkatikia ngazini na kochi juu yake. Hapo maskhara yakaisha. Kugeuka kitandani mpaka tumshike. Ndipo akatuambia anataka kurudi kwao, na nauli alishaiweka pembeni. Akawa anaisimulia karakana yake kama mtu anayesimulia mchumba, wapi alitundika bisibisi, wapi jua linapiga asubuhi. Nikamwambia apige simu nyumbani aseme ukweli. Akasema hapana, atawashtukiza.

Wakamshtukiza wao. Jumamosi mlango ukagongwa, ikabidi nisogeze jiko kwanza. Mkewe, na watoto wawili wamevaa nguo mpya. Anwani yetu alishawapa zamani, akidai ni ya ofisi yake.

"Kumbe na wewe amekuajiri, shemeji?" mkewe akaniambia kwa furaha. "Mungu amzidishie. Nyumbani kwake ni upande gani?"

Nikampisha. Nyuma yangu Bwana Makochi alikuwa amelala chali, kitambaa cha maji moto kiunoni. Mkewe akamtazama. Akatazama magodoro, ndoo, nguo zetu kwenye kamba. Akawakalisha watoto kwenye godoro la dereva, akawavua viatu kimoja kimoja.

"Usijali, mke wangu," jamaa akasema. "Nitapona. Tutarudi wote nyumbani."

"Nyumba gani? Si ulisema iuzwe? Mama yako kaweka dole gumba, imeuzwa pamoja na karakana. Ndiyo nauli iliyotuleta."

Jamaa akafumba macho. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, nimeyatunza tangu siku ya kwanza aliyotia mguu humu, na siku yake ndiyo ilikuwa hiyo. Yakanikwama. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia.

"Na mama yuko wapi?" akauliza baadaye.

"Stendi, na mizigo. Kakataa kupanda gari la watu. Anasema anakungoja wewe uende kumchukua na lako."

Akajiinua kwa kushika ukuta, akaomba viatu vyake. Mimi nikaanza kukunja godoro langu.