Chipsi za Kwa Mchina

Kuhusu chipsi mimi sibishani na mtu, namfundisha. Nimekulia Tanga, nyumba ya pili kutoka kibanda cha chipsi, na kabla sijajua kusoma nilishajua mafuta yaliyochoka kwa harufu yake. Kwa hiyo ninaposema chipsi za kwa Mchina na chipsi za maduka ya baga si kitu kimoja, nasema kwa mamlaka. Anayesema ni kitu kimoja ana mafua.

Za baga ni nyembamba kama njiti za kiberiti. Zikipoa zinalegea, inabaki chumvi. Za mkahawa wa Mchina wetu wa Columbia Heights, huku Minnesota, Marekani, pale karibu na kituo cha basi, zilikuwa nene, kavu kwa nje, laini kwa ndani, na zilivumilia baridi ya njiani mpaka zikafika nyumbani zina heshima yake. Ukizitilia kachumbari na pilipili ya chupa, huna haja ya kukata tiketi ya ndege ya kurudi Tanga.

Mume wangu hakukubali. Yeye ni mtu wa kompyuta, tulisoma wote hapa hapa Minnesota, na ofisini kwao Plymouth nadhani walimpenda kwa sababu haongei. "Kiazi ni kiazi," alikuwa akisema. "Vyote vinatoka kwenye mfuko mmoja wa friza." Jirani yetu wa ghorofa ya chini, dada wa Kikenya, nesi, alikuwa upande wake. "Fries ni fries, my dear," aliniambia. "Hiyo ni ball inaongea." Ball kwao ni mimba.

Mimba ilikuwa inaongea kweli, na ilikuwa na mengi ya kusema. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza tuliipoteza mwaka uliotangulia, ikiwa na miezi mitano. Mimi nililia mpaka manesi wakafunga mlango, na mume wangu akakaa kwenye kiti cha hospitali akiangalia sakafu. Hakusema kitu siku ile, wala siku zilizofuata. Nilikichukia kimya kile. Nilimwona kama mtu aliyenisindikiza tu, kwamba msiba ni wangu na yeye ni mgeni.

Basi hii ya pili ilipoanza kwa kutapika, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilitapika uji, wali, chai ya tangawizi, hata maji. Daktari akasema nikiendelea kupungua vile atanilaza. Jikoni kwetu hakukaangwa kitu tena, maana harufu ya mafuta ya moto ilinitoa mbio kwenda chooni. Chakula pekee kilichokubali kukaa tumboni kilikuwa chipsi za kwa Mchina, zikiletwa kwenye boksi, zimeshapoa kidogo. Daktari akasema kula kinachokaa. Nikala.

Mwezi wa Januari, baridi imekaza, mume wangu akaja na boksi lilelile jeupe lenye ua jekundu. Nikatia moja mdomoni.

"Hizi si za Mchina," nikamwambia.

"Boksi lake hilo."

"Boksi lake, chipsi za baga. Umezihamisha."

Hakubisha, na nilizokula zikatoka zote. Nilimwita bahili. Nilimwita majina mengine ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikampigia simu wifi yangu Tanga, nikamshtaki: kaka yako ananidanganya mimi mwenye mimba, ananilisha makombo ya baga. Wifi alimsema kwa simu, na wanawake wa Tanga tukimsema mtu anasemwa. Naye akasikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, dada," akasema, akavaa koti, akatoka kwenye theluji. Aliporudi alikuwa na chipsi za kwa Mchina. Nikala, zikakaa.

"Unaona?" nikamwambia. "Ulimi wangu haudanganyiki."

Tangu siku ile akawa anazifuata mwenyewe kila jioni. Alichelewa mno, nami niliamini anakaa garini akipiga soga na marafiki zake kwenye simu. Alirudi ananuka mafuta, nikamwamuru koti aliache kwenye korido. Hakulalamika. Mimi nikaanza kuongezeka kilo. Mwezi wa tano wa mimba, ule niliouogopa, nilikuwa nikiamka naweka mkono tumboni kabla sijafungua macho. Ukapita salama. Ukaingia wa sita.

Jumamosi moja ya Aprili, theluji imebaki vichuguu vyeusi pembeni mwa maegesho, jirani yangu alipanda juu kunijulia hali. Mume wangu alikuwa ameshatoka kufuata chipsi. Tukaurudia ubishi wetu. Nilimwambia kosa lake ni kuzionja zikiwa zimepoa.

"Sawa," akasema. "Leo niko off. Twende huko huko tuzikule zikiwa moto, halafu unionyeshe hiyo difference."

Kutapika kulishakoma, na mimi sikimbii mtihani. Tukaenda na gari lake.

Nje ya duka nikaona gari la mume wangu. Ndani hakuwepo kwenye viti vya kusubiria. Mama mwenye duka aliniangalia tumbo, akatabasamu, akageuka kuangalia jikoni, nami nikafuata macho yake kupitia kidirisha cha kupitishia vyakula. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya jiko la pembeni, kavaa aproni na kofia ya wavu kama ya bibi arusi aliyekosea siku, anageuza viazi kwenye sufuria ndogo iliyotengwa peke yake. Mtu ambaye nyumbani sijawahi kumwona akichemsha yai.

"Ai," jirani yangu akasema. "Kwani ameandikwa kazi hapa?"

Alituona, akashtuka, lakini hakuacha kugeuza.

"Kile kikaango chao kikubwa," akaniambia, akikionyesha kwa mwiko, "ndimo wanamokaangia zile roli zao za unga zenye nyama ya nguruwe. Niligundua Januari."

Nikaishika kaunta. Sisi ni Waislamu, na hatujawahi kuichezea dini yetu kwa sababu ya ugenini. Kwamba hata viazi vinahitaji kuulizwa vimekaangwa kwenye nini, hakuna aliyefikiria. Nilihesabu zile wiki za mwanzo ambazo hatukujua, nikamwomba Mungu msamaha hapohapo nimesimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kula."

Ni kweli, ningeacha. Ndipo nikazielewa zile chipsi za baga ndani ya boksi la Mchina. Alijaribu kwanza njia rahisi, nami nikamshtaki mpaka Tanga. Ndipo akanunua sufuria na chupa ya mafuta, akarudi kwa yule mama, akaomba viazi na moto. Mama alikubali, kwa sharti avae kofia na asiguse kitu kingine.

Miezi mitatu ulimi wangu ulikuwa unakula chipsi za mtu wa kompyuta, ukiapa ni za Mchina.

"Sasa hizi ni za nani," jirani yangu akauliza, "za Mchina ama za mzee?"

Nikamuuliza mume wangu alipanga kuniambia lini.

"Mtoto akishazaliwa."

Alizaliwa Julai, msichana, mzima, na mimi mwenyewe ndiye niliyempigia wifi simu kuifuta ile kesi. Lakini siku ile pale dukani hatukuwa na hakika ya kitu. Mume wangu aliipua chipsi, akazichuja, akazitia chumvi. Alisema akiangalia sufuria, hakuniangalia mimi.

"Kwa yule wa kwanza nilikaa tu kwenye kiti. Sikuwa na la kufanya."

Akanisogezea sahani kwenye kidirisha. Zilikuwa zimeungua upande mmoja, maana alikuwa ameacha kuzigeuza akiongea. Nikala zote, na sikumwambia kwamba zimeungua.