Dayodi ya Tatu

Hamida alianza kujifunza umeme akiwa na miaka arobaini na sita, kwa sababu mumewe hakuona tena rangi.

Mumewe, Abdulnasiri, alikuwa fundi redio wa Chang'ombe ya Dodoma tangu ujana wake. Presha ya macho ilimla taratibu, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka ikabaki nuru tupu, kama ya mtu aliyejifunika kanga nyeupe juani. Kibanda chake cha ufundi hakukifunga. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi lake akisikiliza redio za watu. Siku moja akamwita mkewe, aliyekuwa uani akichambua mchicha.

"Mama Salwa, hebu njoo unisomee huyu."

Akamwekea kiganjani kidude kama punje ya mpunga, chenye miguu miwili ya waya.

"Nisome nini, Baba Salwa? Hakina maandishi."

"Kina michirizi. Nitajie rangi zake, anzia iliyo karibu na ncha."

"Njano. Zambarau. Nyekundu."

"Nne, saba, na sifuri mbili. Elfu nne na mia saba. Ndiye ninayemtafuta."

Kidude kile kiliitwa rezista, na kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa fujo. Hamida hakuuliza zaidi, lakini aliporudi kwenye mchicha wake mawazo yalikwenda kwao Kondoa, kwenye vilima vyekundu alikokulia. Mvua ikinyesha kule, maji huporomoka na udongo wote wa shamba. Ndiyo maana wazee wake walichimba matuta kukatiza mteremko, maji yafike bondeni kwa adabu. Kumbe rezista ni tuta, akawaza. Mteremko ndio volti, maji ndiyo mkondo. Alipomweleza mumewe hayo, Abdulnasiri alicheka polepole.

"Mimi nilifundishwa miezi mitatu ndipo nikaelewa hilo."

Tangu hapo Hamida akawa macho ya mumewe. Alijifunza kushika pasi ya kulehemu bila kuunguza ubao wenye njia za shaba zinazopitisha umeme. Alijifunza kwamba kapasita hutunza umeme hata redio ikishachomolewa ukutani, kwa hiyo humgusi kabla hujamkamua umeme uliobaki. Alijifunza kwamba dayodi ni mlango wa upande mmoja: umeme ukija mbele unapita, ukija nyuma unagonga na kurudi. Mchana, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi na mabati yakilialia, alijilaza kwenye mkeka nyuma ya kibanda na kuziona njia zile za shaba akiwa amefumba macho. Zilimeta na kupinda kama vijito baada ya mvua, naye alizifuata moja moja mpaka usingizi ukamchukua.

Mwezi wa nane akaja dada mmoja kutoka kijiji cha Gulwe, jina lake Restuta, na redio kubwa ya mbao aliyoifunga kwa shuka.

"Shikamooni. Hii ni ya mama. Hatoki kitandani mwaka wa pili sasa, na hii ndiyo inayomwongelesha nikiwa shambani. Sasa inanguruma tu."

Wakaiwasha. Ikatoa mngurumo mzito, na sauti ya mtangazaji chini yake kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Kapasita ya kuchuja umeme," alisema Abdulnasiri papo hapo. "Amekauka. Njoo Jumamosi, mwanangu."

Hamida akaibadilisha. Mngurumo haukuondoka.

"Hiyo mpya nayo mbovu," mumewe akasema. "Weka nyingine."

Akaweka nyingine. Redio ikanguruma vilevile.

"Nizipime dayodi?"

"Zipime, ingawa siyo hizo. Sauti hii naijua miaka thelathini."

Zilikuwa nne, zimeungwa pamoja. Akazipima moja baada ya nyingine, na mita ikampa jibu zuri kwa zote. Mumewe alikunja uso. Siku ya Ijumaa Hamida akajilaza mkekani na kuingia tena kwenye vile vijito. Aliona milango minne. Alisukuma wa tatu, haukufunguka, lakini maji yalizunguka, yakapita mlango wa jirani na kutokea upande wa pili. Akafumbua macho.

Akaenda mezani akachomoa redio ukutani, akaikamua kapasita, kisha kwa pasi akaufungua mguu mmoja wa kila dayodi ili isimame peke yake. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu akapima mbele, kimya. Akapima nyuma, kimya.

"Baba Salwa."

"Naam."

"Zilipokuwa zimeungwa, jirani zake walikuwa wanamjibia. Huyu wa tatu amekufa siku nyingi."

Abdulnasiri alinyoosha mkono, naye Hamida akaing'oa dayodi na kumpa. Akaigeuzageuza kati ya vidole.

"Basi umeme ulikuwa unafika nusu," alisema. "Ndiyo maana mngurumo ulikuwa mzito kuliko kawaida. Niliusikia. Nikajiambia ni masikio yamezeeka." Akaifumbata kiganjani. "Nilikuwa na hofu kwamba nayo yameanza kuniacha, Hamida."

Ilikuwa nadra kumwita kwa jina lake. Mkewe akamshika bega.

"Masikio yako mazima. Ulikosea jina la kidude tu."

Jumamosi Restuta alipofika, dayodi mpya ilikuwa imeshawekwa na redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari kwa sauti safi. Aliisikiliza mpaka mwisho ndipo akaifunga kwenye shuka yake, akashukuru, akaondoka kuwahi usafiri.

Wiki iliyofuata akaja mteja na feni iliyogoma kuzunguka. Alimkuta mzee kwenye benchi akamuuliza, "Fundi, utaiangalia leo?"

"Fundi yuko ndani anaswali," Abdulnasiri alimjibu, akamsogezea kigoda. "Msubiri kidogo, anakuja."