Ngamia Wangu na Damu ya Hodan

Nakumbuka siku moja pale kijijini Sangailu, mwanangu, lori langu la kwanza likiwa bado linanukia rangi. Shule niliiona kupitia dirisha tu, lakini niambie, kijana gani mwingine alikuwa na lori kijiji kizima?

Tulikuwa tumemzika Hodan, binti mdogo wa jirani. Mbuzi wake walitangulia kunywa kisimani. Binamu yangu Dahir, ngamia wake wakiwa na kiu, akampiga Hodan rungu la kichwa, akamuua. Wazee wa koo mbili wakakaa maslaha, kikao cha kupatanisha: ukoo wetu utoe ngamia wa diya, fidia ya damu, Dahir asifikishwe polisi. Damu nzito kuliko maji, wakasema. Wakabishana hata kama diya ya msichana ni nusu ya mvulana.

Nikasimama, kifua mbele. "Nusu ya nini? Nitatoa kamili, peke yangu!" Wazee wakaniombea dua.

Shangazi yangu, Eedo Khadija, alikuwa anamimina chai. Akaweka teremosi chini.

"Wallahi ngamia wako wazuri, Abdi. Mama Hodan akimwita mwanawe, yupi kati yao ataitika?"

"Eedo, haya ni mambo ya wanaume."

"Basi wanaume wampeleke muuaji. Lori si unalo? Ama ni la kubeba maneno?"

Watu wakacheka, na msiba wenyewe ule. Nikachukua ufunguo. Dahir nikamketisha kati yangu na baba yake. Mama Hodan na walioshuhudia wakapanda nyuma. Moja kwa moja hadi polisi.

Akafungwa. Ukoo ukaninunia, ukaacha kupakia mifugo kwenye lori langu. Baadaye wakarudi wote. Nani angewabebea vizuri kama mimi? Na ngamia nikatoa, kamili, baada ya hukumu.

Siku hizi nikipita pale kisimani, naona mbuzi wa watoto wanakunywa kwanza, ngamia wakingoja. Ndilo sharti tuliloweka kwenye maslaha ya baada ya hukumu, na moyo wangu hutulia kabisa.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Diya ipatanishe koo, isimfiche muuaji. Aliyeua mtoto, hata kama mmelala tumbo moja, mfikishe kwenye sheria kwanza, halafu mkae maslaha.

Allah akupe mali kama yangu, akupe na shangazi wa kukukemea ukiringa nayo. Na watoto wako wakienda kuchunga, jioni warudi wote. Amin.