Simfonia na Kahawa ya Uani

Muziki ule ni mrefu kama ibada ya Krismasi, nami sikuwahi kuumaliza nikiwa nimekaa. Ni simfonia ya kale ya Kijerumani, rekodi ambayo baba aliinakili kwenye flashi kutoka kwa mgeni aliyewahi kulifundisha kundi la matarumbeta la usharika wetu. Baba alipiga tarumbeta kanisani tangu sijazaliwa. "Hawa wenzetu hawapulizi, wanaimba," alikuwa akiniambia, nami naitikia huku natafuta viatu.

Kisha akapatwa na kiharusi, akanyamaza kabisa. Daktari alisema tumwongeleshe, huenda sauti ikarudi. Basi kila Jumamosi nilitoka Kitendaguro ninakoishi kwenda nyumbani kwa wazazi Muleba, nikaongea mpaka koo likakauka, naye akinitazama tu. Niliogopa sana kwamba nitamzika bila kuisikia tena sauti yake.

Jumamosi moja mama alikwenda msibani, tukabaki wawili. Maneno yaliponiishia nikawasha spika. Fidla zilianza chini kabisa, zikisikika kwa shida. Nikasubiri kitu kitokee. Wapi! Nikaenda kutazama ndizi jikoni. Niliporudi, fidla bado zilikuwa zinapanda kilima chao, polepole kama bibi mwenye mzigo wa kuni. Nikashika simu, nikaiacha, nikasimama dirishani kuangalia kahawa tuliyoianika uani. Wanasema subira yavuta heri. Kamba ya subira yangu hukatika mapema.

Ndipo zikaingia tarumbeta. Hazikuwa na haraka wala makeke. Zilipiga kitu kama wimbo wa kitabuni, ule wa kusimama kanisa zima, na mwili ukanisisimka. Kumbe hiki ndicho alichokuwa akinieleza miaka yote! Lakini wakati huohuo matone yakaanza kugonga bati. Kahawa! Nikakimbilia mlangoni.

"Kaa chini."

Ilikuwa sauti nzito, iliyopinda kidogo. Alisema kwa Kihaya, kwa ukali uleule wa zamani, nilipokuwa mtoto nikihangaika kwenye benchi la kanisa naye ameweka tarumbeta mapajani. Nikageuka. Baba alikuwa amekunja uso, ananisubiri nitii.

Nikakaa. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Tuliusikiliza muziki wake mpaka mwisho, na kahawa yote ikalowa.