Darubini Iliyoinama Shambani

Asubuhi moja niliondoka mtaani kwetu Kambarage bila kujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba taa za mjini zilikuwa zimenichosha. Nilikuwa na darubini niliyoinunua kwa fundi simu, baada ya mwenye nayo kuitelekeza pale kwa kuwa haikupokea chaji; fundi aliitengeneza. Si ya kuchungulia kwa jicho. Unaiweka chini, unaiamuru kwa simu, inainua kichwa yenyewe na kuzunguka mpaka ipate nyota unayoitaka. Kisha inapiga picha moja juu ya nyingine, na kile ambacho jicho haliwezi kukiona kinajitokeza kwenye simu taratibu. Shule niliiacha mapema, lakini kitu kama hicho hakiniachi nilale. Mtaani kwetu kilinionyesha ukungu wa taa tu.

Mchana nilikuwa Kahama. Pale Nyahanga, nikila ugali na dagaa, nilimwuliza mama lishe giza zuri liko upande gani.

"Wenzako wanauliza stendi, wewe unauliza giza," alisema. "Panda gari la Kakola, uendelee mbele. Ukiona nguzo za umeme zimeiacha barabara, shuka."

Nikafanya hivyo. Jua lilikuwa linazama niliposhuka katika kijiji kimoja kabla ya Nyarugusu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Doto, mjane anayeishi na wajukuu. Alikuwa akimenya mihogo mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane. Karibu, mwanangu. Umepotea?"

"Bado sijajua."

Alicheka, akanipa mkeka katika chumba cha kuhifadhia makopa, mihogo iliyokaushwa. Shamba la mihogo lilianzia nyuma ya ukuta. "Hilo ndilo ghala letu mpaka mvua zirudi," aliniambia.

Giza lilipoingia niliiweka darubini katikati ya shamba, penye uwazi. Vijana wachimbaji waliokuwa wakirudi kutoka machimbo ya dhahabu walisimama njiani kutazama. Ilizunguka huku na huko, ikatulia upande wa kusini. Baada ya muda, wingu jekundu la nyota likajaa kwenye simu. Mama Doto aliliangalia, kisha akauliza, "Na hili lilikuwa juu yetu siku zote?"

"Siku zote."

"Sisi tukilima tu."

Nilipoizima, darubini ilikunja kichwa na kuinama ikiuelekea udongo, kama inavyofanya kila siku. Nikaibeba nikaenda kulala.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa sururu. Shambani wale vijana walikuwa wamechomeka vijiti kugawana maeneo, na mashina kadhaa ya mihogo yalikuwa yamelala mizizi juu. Mama Doto alikuwa amesimama katikati yao, ameshika shina moja kwa mikono miwili.

"Kaka, usitufiche," alisema kijana mmoja mrefu, Masanja. "Mashine yako ilitafuta kulia, ikatafuta kushoto, halafu ikainama. Imeinama hapa."

Nikawaonyesha picha ya wingu.

"Hiyo ni ya juu. Sisi tunauliza ya chini."

"Ya chini hakuna."

"Hata mimi ningeipata ningesema hakuna," alisema mwingine. Wakacheka, na sururu zikaendelea.

Maneno yangeniponza. Nikaileta darubini, nikaiweka juu ya jiwe la kunolea visu mbele ya mlango. Nikaiwasha, ikainua kichwa. Nikaizima, ikainama. Nikaipeleka njiani, ikainama. Nikaiweka juu ya pipa la maji, ikainama vilevile. Masanja akachungulia ndani ya pipa.

"Kwa hiyo inalala tu?"

"Inalala."

"Na sisi tumekesha tukilinda pale ilipoinama." Akang'oa kijiti chake. Wengine wakafuata, ingawa mmoja alinong'ona kwamba labda dhahabu iko kote.

Mama Doto alimsikia. Alianza kuokota mihogo michanga iliyong'olewa, nami nikamsaidia. "Hii tutaila mapema," alisema. Halafu, bila ukali, "Mwanangu, sina ugomvi nawe. Ila hiyo ikibaki hapa, jioni watarudi."

Nikaondoka mchana kweupe. Darubini niliibeba begani bila kuifunika, ili kila mtu aione ikiondoka. Masanja alinisindikiza mpaka barabarani, akiwatangazia tuliokutana nao kwamba mashine inahama.

Njiani nilifikiri juu ya kosa lao, na sikuliona la kijinga. Katika nchi ya dhahabu, mtu anayesimama mahali na kutazama sana huwa ameona kitu. Mimi nilidhani nimetafuta giza tu, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye chakula cha watu.

Jioni nilifika Nyarugusu, mavumbi ya makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu yakiwa bado hewani. Katika nyumba ya wageni ya kwanza, dada wa mapokezi aliniuliza kama nataka chumba chenye feni. Nikamwuliza kwanza kama ua wake umesakafiwa.

"Wote, mpaka ukutani," alisema. "Kwa nini?"

"Basi nipe chumba chochote."