Kilio cha Shangazi Kilipovuka Mpaka

Nilimsikia shangazi yangu akilia kabla sijafumbua macho. Ilikuwa asubuhi, hosteli ya chuo mjini Tororo, nimejifunika shuka mpaka kichwani. Sauti ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Nilidhani naota, maana wiki ile ile tulikuwa tumemzika mwanawe kijijini kwetu Dabani, na kilio chake nilikuwa nimerudi nacho masikioni. Kisha mtu akaguna kwa mshangao. Nikafunua shuka. Sauti ilikuwa inatoka kwenye simu ya mwenzangu wa chumba.

"Sikia huyu mama," aliniambia. Yeye ni mtu wa Merikit, hajui lugha yetu ya Kisamia. "Analia mpaka mwili inasisimka. Binamu yangu amenitumia, yuko upande ya Kenya. Wanasema mkamwana ndiye aliua."

Sikumwambia huyo mama ni nani. Nilimwomba arudie, nikasikiliza mpaka mwisho.

Kwetu mwanamke akilia kaburini husema lolote. Humlaumu Mungu, humlaumu daktari, humlaumu marehemu mwenyewe kwa kuondoka bila kuaga. Siku ile shangazi alimgeukia mjane. Wewe uliyempikia, tuambie ulimpikia nini. Macho ya mwanangu yaligeuka manjano kwa chakula cha nani? Mjane aliinamisha kichwa akayapokea. Jioni alimpelekea shangazi uji, na shangazi akaunywa wote. Sisi sote tulijua marehemu aliugua ini, na kwamba mkewe alilala sakafuni kando ya kitanda chake hospitalini hadi mwisho. Maneno ya kilio huachwa pale pale, udongo ukayafunika pamoja na jeneza.

Lakini wako ndugu ambao hawakuweza kuja. Wako Nairobi, wako Uarabuni wakifanya kazi katika nyumba za watu. Ili nao wapate kulia, mmoja wetu alirekodi akawatumia. Alifanya hivyo kwa upendo. Nao walilia, kisha mmoja akamtumia rafiki, rafiki akamtumia mwingine, na kila ilipofika sauti ilikuwa imepoteza kitu: kwanza kaburi, halafu uji, halafu ini. Ilipofika chumbani kwetu lilikuwa limebaki swali tu, ulimpikia nini.

Muhula ule tulikuwa tukisoma sheria ya jinai na makosa ya mtandao. Mhadhiri wetu alipenda kusema kosa lina miguu miwili, tendo na nia, ukikata mmoja linaanguka. Akatuomba mfano. Kijana mmoja nyuma akasema, "Ile ya mama wa Dabani." Darasa zima lilikuwa nayo. Wakaichambua kwa furaha. Imesemwa Uganda, imesambazwa kutoka Kenya, imerudi kusikilizwa hapa, basi mahakama ya wapi? Nani ashtakiwe, aliyelia, aliyerekodi, au aliyesambaza? Dada mmoja akashikilia kwamba aliyelia awe wa kwanza, kwa kuwa bila yeye kusingekuwa na kitu cha kusambaza. Mhadhiri akaandika ubaoni, mshtakiwa wa kwanza. Nilinakili kama wengine. Mshtakiwa wa kwanza ana magoti mabovu na hunywa chai bila sukari.

Jumamosi nilikwenda Busia. Mjane huuza samaki wa kukaanga karibu na mpaka, pale malori yanapongoja kuvuka. Nilimkuta beseni limejaa.

"Wifi, karibu. Leo utakula bure, hakuna mtu ananunua."

Wanaume wabadilishaji fedha walikuwa wamekaa kando kwenye viti vya plastiki. Mmoja akapaza sauti, "Mama samaki! Onja wewe kwanza, ndio sisi tutakula!"

Mjane alivunja kipande mkiani, akatafuna, akameza, akafungua mdomo kuwaonyesha. Walicheka wakapigana mabega. Hakuna aliyenunua.

"Umeona?" aliniambia. "Tangu asubuhi naonja. Nimeshiba samaki wangu mwenyewe." Akapangusa mikono kwenye leso. "Wewe si unasoma sheria ya hizi simu? Nikienda polisi, watafanya nini?"

"Wanaweza kumwita shangazi."

"Wamfunge?"

"Inawezekana."

"Na hii sauti, wataitoa kwenye simu za watu?"

"Hapana, wifi."

"Sasa niende kufanya nini?" Alitazama malori. "Mimi nataka tu kubaki kwa nyumba yangu. Kaburi la baba yao liko pale. Watoto wanasoma pale. Nikirudi kwa ndugu zangu nitakuwa mgeni mpaka nife."

Nilimwahidi nitajaribu.

Shangazi hakujua kwamba kilio chake kilikuwa kimetembea. Nilipofika Dabani nikamwekea ile sauti, alisikiliza kiganja kikiwa mdomoni.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mbona nimekuwa mbaya hivyo?" Akashusha kiganja. "Lakini nani hajui kilio ni kilio?"

"Hawa hawakuwa kaburini."

Akakubali kusema tena, safari hii kwa utulivu. Alifunga kitambaa kichwani upya, akakaa wima kama anayepigwa picha, akaikaribia simu yangu. "Mimi ni mama ya marehemu. Mkamwana wangu hakuua mtu. Mtoto wangu aliugua ini. Asanteni." Nikaituma kwa ndugu wote, nikiwasihi waisambaze kama walivyoisambaza ile.

Haikwenda mbali. Ilikuwa fupi, kavu, haikumsisimua mtu mwili. Na kule ilikofika, majibu yalirudi upesi. Huyu mama ameshikiwa bunduki. Alipolia alisema ukweli, sasa anaogopa polisi. Kwao kuna msichana anasoma uwakili, ndiye amemfundisha. Dukani Dabani walianza kuniita Wakili wa Simu, wakaniuliza kama nawapika mashahidi kwa mafuta au kwa maji.

Wiki iliyofuata mhadhiri alitufundisha ushahidi. Maneno yanayomtoka mtu katika uchungu, kabla hajapata nafasi ya kufikiri, mahakama huyapa uzito kuliko yale aliyoyaandaa baadaye. Alieleza vizuri, kwa mifano. Nilitazama dirishani, mwamba wa Tororo ukiwa umesimama pale pale, nikaelewa kwamba wabadilishaji fedha wa Busia walikuwa wanaijua sheria hii bila kuisomea.

Likizo ilipoanza, mjane alikuwa ameacha kuuza. Wanawe walikuwa wakirudi na chakula chao cha mchana, kwa sababu wenzao shuleni walikikimbia wakipiga kelele, na wao wakaona haya kula peke yao. Siku niliyofika nyumbani, kaka zake mjane walikuwa wameshakuja na pikapu kutoka ng'ambo ya mpaka. Godoro lilikuwa limepakiwa, na beseni.

Shangazi alimshika mkono. "Mkamwana, kaa. Mimi nakula chakula chako kila siku. Watu wananiona."

"Wanakuona, mama," mjane alisema taratibu. "Wanangoja ufe."

Alikwenda kaburini, akang'oa majani yaliyokuwa yameota pembeni, akayatupa mbali. Halafu akamwekea shangazi ufunguo wa nyumba kiganjani na kukikunja kiganja kile, kidole kwa kidole.

Nilibeba karai la kukaangia hadi barabarani. Watoto walipanda nyuma. Mjane alikaa mbele kati ya kaka zake, uso mbele, na pikapu ikaondoka ikiruka mashimo kuelekea mpakani.

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini mwa nyumba ya mwanawe, kifua kikipanda na kushuka. Naijua ile pumzi, ndiyo inayotangulia kilio. Majirani waliokuwa uani waliijua pia. Mmoja wao, mwanamke anayetupenda, mwenye binti Uarabuni, aliinua simu taratibu akaielekeza kwake.

Shangazi alifungua mdomo. Kisha akaiona simu. Aliufumba, akarudi ndani kinyumenyume, akafunga mlango.