Mama Aliyemshika Sifa Mkono

Mwenye kutaka kunicheka anicheke sasa hivi, kabla sijaanza. Mimi nilikuwapo, na macho haya haya ndiyo yaliyoona.

Ilikuwa hapa Kalemie, wakati wa Zaire, siku ya Jumapili. Tulipotoka kanisani joto lilikuwa kali, na mume wangu, bila kupanga lolote, akasema, "Mama Sifa, tusirudi nyumbani. Tupeleke batoto ziwani." Nilishangaa, maana si mtu wa matembezi. Tukanunua mikate na visamaki vya ndagala vya kukaanga, tukashuka mpaka ufukweni, mbali kidogo na wavuvi. Binti yetu Sifa alikuwa bado hajaanza shule. Mdogo wake, Amani, nilimbeba mgongoni.

Tulifurahi, niamini. Mume wangu alikunja suruali akakimbizana na Sifa mchangani hadi akachoka, akajilaza. Mimi nikamwambia Sifa, "Ningoje hapa, nakuya," nikaenda nyuma ya matete kumbadilisha Amani nguo. Sikukawia.

Niliporudi na Amani mikononi, mume wangu alikuwa anakoroma. Sifa hayupo.

Nikatazama ziwani. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, na mwanamke mmoja alikuwa amemshika mkono, anampeleka kwenye kina. Alivaa kikwembe kama changu, maua yale yale. Mgongoni alibeba mtoto.

"Sifa! Rudia!"

Wakageuka wote wawili. Niwaambie nini? Ile sura ilikuwa yangu.

Sifa akamtazama yule, akanitazama mimi. "Mama njo nani?" akauliza, yaani mama hasa ndiye yupi.

"Njo miye!" nikapiga kelele.

Na yule, kwa sauti yangu mimi, akasema polepole, akimwita aje, "Njo miye, Sifa. Kuya."

Mtoto akamfuata yeye.

Nilijitupa majini na Amani akilia. Yule mtoto wa mgongoni hakulia hata kidogo. Kelele zikamwamsha mume wangu, akanipita mbio, akamnyakua Sifa maji yakiwa shingoni. Nilipoinua macho, ziwa lilikuwa tupu.

Mume wangu aliapa kwamba hakuona mwanamke yeyote. Alimwona Sifa peke yake, anatembea, mkono mmoja ameuinua juu kama mtoto aliyeshikwa na mkubwa.

Njiani Sifa alilia mpaka nyumbani. "Munirudishe kwa mama," alisema. Nikamwambia, mama njo miye. Akatikisa kichwa: "Hapana. Weye njo ule wa makelele."

Leo Sifa ana watoto wake. Ananiheshimu, ananipikia, nikiugua anakesha nami. Lakini tangu siku ile hajaniita Mama tu. Ananiita Mama Amani, kana kwamba nilimzaa mdogo wake peke yake.

Wewe mwenye watoto wadogo, ukienda ziwani nenda nao kila mahali, hata kwenye matete. Usimwambie mtoto, "Ningoje hapa, nakuya." Hujui nani mwingine anasikia.